Habari za Debe Tupu

Methali isemayo kwamba debe tupu haliachi kuvuma hupendwa sana na walimu na wazee. Mwanafunzi mwenye kelele huambiwa hivyo darasani, na kijana mwenye majivuno huambiwa hivyo barazani. Kwa binadamu methali hiyo ina ukweli. Kwa debe lenyewe ina dhuluma kidogo. Katika nchi yetu debe lilianza kazi yake kubwa siku lilipokuwa tupu. Lilipokuwa limejaa lilikuwa mali ya mfanyabiashara. Lilipomiminwa tone la mwisho la mafuta ndipo lilipoingia nyumbani likawa mtumishi wa jamaa nzima. Habari za mtumishi huyo ndizo nitakazozieleza hapa, kwa kuwa mna ndani yake sehemu ya historia yetu isiyoonekana katika vitabu vya wafalme na vita.

Kwanza na tuangalie umri wa methali yenyewe. Tumezoea kudhani kwamba kila methali ni ya kale sana, lakini hii haiwezi kulizidi debe kwa umri, na debe ni mgeni kwetu. Jina lake lina asili ya lugha za Bara Hindi, na chombo chenyewe hakikujulikana kabla ya biashara ya mafuta ya taa, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Linganisha na methali isemayo kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kibaba ni kipimo cha nafaka cha watu wa pwani, na vibaba vinne hufanya pishi moja. Kilikuwapo kabla debe halijafika. Methali hizi mbili ni kama matabaka mawili ya udongo, moja juu ya jingine. Mtu asiyekuwa na hati za kale aweza kusoma habari za zamani katika vyombo vilivyotajwa ndani ya maneno ya watu.

Kabla ya debe, nyumba zetu hazikukosa vyombo. Bara palikuwa na vibuyu vya kila umbo: vya maji, vya maziwa, vya asali, vya pombe na vya mbegu. Kibuyu kilipandwa shambani kama mboga, kikaachwa kikomae, kikakaushwa na kutolewa nyama yake na mbegu zake. Wakalenjin walikisugua ndani kwa makaa ya mti maalumu kabla ya kutia maziwa ya mursik, na mpaka leo wako wafanyao hivyo. Kibuyu kilipopata ufa hakikutupwa mara moja. Kilishonwa kwa uzi mgumu kama nguo inavyoshonwa, kikaendelea kuweka vitu vikavu. Pwani, kifuu cha nazi kilifanywa upawa wa kupakulia na kata ya kuchotea maji. Mtungi uliovunjika uliacha vigae, na kigae kilichukua kaa la moto kutoka kwa jirani, au kilisagwa kikachanganywa na udongo wa mtungi mpya. Hata vyombo vya fahari vilipata kazi ya pili: katika makaburi ya kale ya Waislamu, kama yale ya Mambrui karibu na Malindi, bakuli za China zilipachikwa katika nguzo ya kaburi ziwe pambo la marehemu.

Kwa hiyo debe halikutufundisha uwekevu. Lilikuta desturi iliyokwisha kukomaa, nayo ikalipokea kama mwenyeji apokeavyo mgeni mwenye nguvu za kazi.

Mgeni huyo alitoka mbali. Mwaka 1859 kisima cha mafuta kilichimbwa Titusville, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, na biashara mpya ikazaliwa. Mafuta ya taa yaliangaza vizuri na bei yake ilikuwa nafuu, lakini yalikuwa na taabu yake: mapipa ya mbao yalivuja njiani, hasa katika safari ndefu za bahari zenye joto. Ndipo wafanyabiashara walipoyatia katika makopo ya mraba ya bati jepesi, yaliyozibwa kwa lehemu, wakayaweka mawili mawili ndani ya kasha la mbao. Kila kopo liliingia galoni 5 za Marekani, ambazo ni karibu sawa na galoni 4 za Kiingereza. Kwa vipimo vya leo ni kati ya lita 18 na 19. Umbo la mraba lilikuwa na maana yake. Mapipa ya mviringo huacha nafasi tupu kati yao, lakini makasha hupangika ndani ya meli kama matofali ukutani.

Liko tukio moja la miaka hiyo linalofaa kukumbukwa na kila asomaye habari za biashara. Mwaka 1892 tajiri wa London aitwaye Marcus Samuel alidhani amepata njia ya kuwashinda Wamarekani. Alitengenezesha meli iliyoitwa Murex, ambayo tumbo lake lilikuwa matangi, na mnamo mwezi wa Agosti ikapita katika Mfereji wa Suez kuelekea Mashariki ya Mbali, imebeba mafuta ya Urusi bila debe hata moja. Hesabu yake ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Gharama ya bati na mbao imeondoka, mafuta yatakuwa rahisi, na wanunuzi watakuja na vyombo vyao wenyewe. Kumbe wanunuzi hawakuja. Watu wa Asia walitaka mafuta pamoja na debe, kwa sababu debe lilikuwa ndoo yao, paa lao na kikombe chao. Ikambidi Samuel apeleke bati huko huko, madebe yakatengenezwa na kupakwa rangi nyekundu ili yashindane na yale ya buluu ya Standard Oil. Tajiri aliyehesabu kila senti alikuwa amesahau kuhesabu thamani ya chombo kitupu. Akina mama wa vijijini hawakuisahau.

Katika Afrika Mashariki mafuta ya taa yaliingia kwa bandari za pwani. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa hadi ziwa, kati ya mwaka 1896 na 1901, maduka yaliandama reli, na madebe yaliandama maduka. Wengi hawakuweza kununua debe zima. Mwenye duka alilifungua, akauza mafuta kwa chupa, na chupa hizo nazo zilikuwa zimekwisha kutumika kwa jambo jingine. Kizibo chake kilikuwa kigunzi cha mahindi kilichokatwa kwa kisu. Mafuta yalipokwisha, debe tupu halikutupwa jalalani. Lilikuwa bidhaa yenye bei yake, na mwenye kuhitaji alilinunua.

Hebu tulitazame debe hilo linavyoanza maisha yake mapya. Kwanza lilisafishwa kwa majivu, mchanga na maji ya moto, mara kwa mara, mpaka harufu ya mafuta iondoke. Kisha uso wake wa juu ulikatwa, na ukingo wenye makali ukakunjwa ndani na kugongwa ili usimkate mtu. Mti mmoja ukapigwa misumari katikati, kutoka upande huu hadi upande huu, likawa ndoo. Kwa mwanamke aliyekuwa akibeba mtungi wa udongo haya yalikuwa mageuzi makubwa. Mtungi ulikuwa mzito hata kabla ya kutiwa maji, na kujikwaa mara moja kulitosha kuumaliza. Debe lilikuwa jepesi, na likianguka lilibonyea tu. Lakini tusisahau kwamba debe likijaa maji lina uzito wa kilo 18 na zaidi, na uzito huo ulikaa juu ya kichwa cha mama au mgongoni mwake, asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka. Chombo chepesi hakikuifupisha njia ya mtoni.

Debe jingine lilibaki na mfuniko likawa ghala dogo. Ndani yake ziliwekwa mbegu za msimu ujao, maharage yaliyochanganywa na majivu ili yasiliwe na wadudu, au unga uliofichwa panya asiufikie. Debe jingine lilichemshiwa maji ya kuoga au nguo za kufua. Jingine lilitobolewa matundu likawa jiko. Makopo madogo yalitiwa utambi, yakawa koroboi. Basi bati lililoleta mafuta likageuka kuwa taa ya kuyachoma. Kasha la mbao lililobeba madebe mawili nalo likawa kiti, kabati au kiota cha kuku. Hata kelele ya debe ilipewa kazi: lilipigwa kuwafukuza ndege na nyani shambani, na siku hizi anayemsifu mgombea wa uchaguzi husemwa kwamba anampigia debe.

Juu ya hayo yote, debe likawa kipimo. Kwa kuwa madebe yote yalilingana, watu waliokuwa hawana mizani waliweza kuuziana mahindi, viazi na makaa bila kuhitaji karani. Baadaye kopo la mafuta ya kupikia la kilo 2 likapata cheo hicho hicho kwa jina la gorogoro. Hapa kibaba cha wahenga kilipata warithi wake.

Sasa tuingie mjini, ambako habari hizi zina upande wa uchungu. Katika miaka ya 1920 serikali ya mji wa Nairobi ilianzisha Pumwani, mtaa wa Waafrika, na wenyeji wa vijiji vya zamani vya mji wakapewa viwanja wajenge wenyewe. Walijenga kwa miti na udongo, na nyumba nyingi wakaziezeka kwa madebe. Debe lilipasuliwa kwenye mshono, likatolewa kitako na uso, kisha likanyooshwa kwa nyundo. Bati lililopatikana lilikuwa na upana wa sentimita 35 hivi na urefu wa sentimita 94 hivi. Paa la mita 30 za mraba lilihitaji basi madebe zaidi ya 90, bila kuhesabu sehemu zinazolaliana. Fikiri ni mikono mingapi, nyundo ngapi na miezi mingapi ya kukusanya madebe iliyotumika katika paa moja.

Wako wanaotazama nyumba hizo na kuona uchafu tu. Wako wengine wanaozisifu, wakisema tazameni werevu wa maskini. Mimi naona kwamba wote wawili wamekosea. Werevu ulikuwapo, tena mwingi. Lakini wajenzi hao hawakuchagua debe kwa kulipenda kuliko vigae vya paa na saruji. Mji uliohitaji nguvu za mikono yao haukuwalipa ujira wa kununulia bati jipya, wala haukuwahesabu kuwa wakazi wake wa kudumu. Wenyeji wa Pangani, mtaa mwingine wa zamani, walibomolewa nyumba zao mwishoni mwa miaka ya 1930. Uwekevu wa mtu mwenye hiari ni sifa kwake. Uwekevu wa mtu aliyenyimwa ni sifa kwake pia, lakini ni aibu kwa aliyemnyima. Kijana asomaye historia na ajifunze kutenganisha mambo haya mawili, asije akaitumia subira ya maskini kuwa hoja ya kumwacha katika umaskini.

Vita Vikuu vya Pili, vya mwaka 1939 hadi 1945, vilimletea debe mpinzani. Majeshi ya Waingereza yalibeba petroli katika madebe mepesi ya galoni 4, ndugu wa debe letu. Katika jangwa la Afrika Kaskazini madebe hayo yalibonyea na kuvuja, petroli nyingi ikapotea mchangani, na askari wakayaona yafaa zaidi kukatwa na kuchemshiwa chai. Wajerumani walikuwa na chombo cha chuma imara cha lita 20, chenye vishikio vitatu, ambacho mtu mmoja au wawili waweza kukichukua bila taabu. Waingereza walikiteka, wakakiiga, wakakiita kwa jina la utani walilowaitia Wajerumani, yaani Jerry. Ndiko lilikotoka neno jerikani. Baadaye jerikani ilifanywa ya plastiki, na ile ya manjano ya lita 20, iliyokuja na mafuta ya kupikia, ikachukua mahali pa debe kwenye visima na mifereji. Chombo kimebadilika, desturi haikubadilika: bado watu hununua mafuta na kubaki na ndoo.

Werevu wa kugeuza bati nao haukufa. Mafundi wa mjini, wakifanya kazi chini ya jua bila paa, walipata jina la jua kali. Kutokana na madebe, mapipa na vyuma vikuukuu walifua karai, majiko, koroboi na masanduku. Kwa muda mrefu walifukuzwa na askari wa jiji kama wahalifu. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya Kenya iliyoonyesha kwamba kazi ya watu hao ilikuwa uzalishaji wa kweli wenye kustahili kusaidiwa, na mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwazuru mafundi wa Kamukunji, akaahidi kuwajengea vibanda. Mwanafunzi aliyepata kwenda shule ya bweni na sanduku la bati na akumbuke kwamba masanduku mengi ya namna hiyo yalitoka chini ya nyundo za mafundi hao.

Jambo lililobadilika kweli ni wingi wa vitu. Zamani chombo kilikuwa adimu, kwa hiyo kiliheshimiwa. Plastiki ilipokuwa rahisi kuliko jasho la kuiosha, mkono ulizoea kutupa. Mifuko ikaziba mitaro, ikaning'inia katika miiba, ikaliwa na ng'ombe na mbuzi. Hatimaye, tarehe 28 Agosti 2017, marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilianza kutumika nchini Kenya, na adhabu yake ni faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Vikapu vikarudi sokoni. Sheria ililazimika kuagiza kwa tisho la jela jambo ambalo bibi zetu walilifanya bila kuambiwa na mtu.

Hata hivyo, uwekevu usiokuwa na maarifa ni hatari, na haingekuwa uaminifu kuyanyamazia madhara yake. Lehemu ya makopo ya zamani ilikuwa na risasi, ambayo ni sumu. Kwa hiyo si kila kopo lilifaa kuwekea chakula. Chombo kilichobeba dawa ya kuua wadudu hakifai kutiwa maji ya kunywa, hata kikioshwa mara kumi, na dawa iliyotiwa ndani ya chupa ya soda imewaponza watoto wengi. Nafaka nayo ina sharti lake. Ikiwa kavu kabisa na kufungiwa ndani ya chombo kisichopitisha hewa, wadudu waliomo huimaliza hewa na kufa. Lakini ikiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu mwingine huzaa sumukuvu. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa, baada ya kula mahindi yaliyovunwa na kuwekwa yakiwa na unyevu. Hao hawakuwa watu wavivu wala wabadhirifu. Walikuwa wakiweka akiba, na akiba yenyewe ikawageukia.

Hatari nyingine iko moyoni mwa mtu. Debe na gorogoro vilikuwa vipimo vya haki maadamu vilikuwa na umbo lake. Kitako cha kopo kikibonyezwa kuingia ndani, mnunuzi hulipia mahindi ambayo hayapo, na mara nyingi mnunuzi huyo ni yule asiyeweza kununua gunia zima. Huo si uwekevu hata kidogo. Ni wizi uliovaa nguo ya uwekevu. Ubahili nao si uwekevu. Bahili huficha kitu kisitumike, na kitu humwozea. Mwekevu hukitumia mpaka mwisho wa nguvu zake, na humwazima jirani.

Basi, msomaji kijana, urudipo nyumbani fanya utafiti mdogo usiohitaji maktaba. Ingia jikoni na ghalani, uhesabu vyombo vinavyofanya kazi nyingine kuliko ile viliyoundiwa. Uliza kila kimoja kilikuja na nini, nani alikigeuza, na kimekaa miaka mingapi. Ukimpata mzee aliyewahi kubeba maji kwa debe, mwombe akuonyeshe jinsi ukingo ulivyokunjwa na mti ulivyopigwa misumari. Andika majibu yake kabla hayajasahauliwa, maana debe la bati sasa limekuwa adimu, na wale walioligeuza kwa mikono yao wanazidi kupungua.